Ripoti Niliyoiharakisha

Shangazi yangu alisomesha fizikia Matuga hadi alipostaafu, kisha akarudi kwao Msambweni akatundika waya mrefu kati ya minazi miwili. Majirani walidhani ni kamba ya kuanikia nguo. Kumbe ni antena. Ana leseni ya redio ya ridhaa, na kwa waya ule huzungumza na wageni wa dunia nzima, kwa raha zake tu.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada moja na maswali mengi. Redio haikunivutia, orodha ndiyo iliyonivutia. Kwenye kompyuta yake kuna ukurasa ambao waendeshaji redio wa kila nchi huandika papo hapo: nimekisikia kituo fulani, kwenye masafa fulani, sasa hivi. Anayesoma hugeuza redio yake kuelekea huko.

"Nani anahakikisha?" nilimwuliza. "Mtu hawezi kuandika uongo?"

"Anaweza. Ndiyo maana tukaambiana: andika ulichokisikia kwa sikio lako."

"Na hii tano tisa mnayopeana? Si maana yake sauti imefika safi kabisa? Jana umempa mtu uliyekuwa humsikii vizuri."

"Hiyo ni adabu, mwanangu. Wewe ukiulizwa hujambo na una homa, hujibu sijambo?"

Wiki hiyo alikuwa akitafuta kisiwa kimoja cha Pasifiki kisichokaliwa na mtu. Wanaredio wachache walikuwa wamepiga kambi huko, na siku ya kisa hiki ilikuwa yao ya mwisho. Shangazi alikuwa akikisubiri kisiwa hicho tangu mimi niko shule ya msingi. Mawimbi yake hutufikia jioni jioni, kwa muda mfupi, kisha hupotea.

Alipokwenda kuswali alasiri aliniachia vipokea sauti vya masikioni. "Ukiwasikia, ningoje nitoe salamu, halafu uniite."

Nikawasikia. Sauti nyembamba, ikijitaja, ikiita, wala hakuna aliyeijibu. Shangazi alikuwa bado kwenye mswala. Nikaona hii ndiyo fursa ya kuijaribu orodha yao. Nikaandika masafa, nikatuma kwa jina la kituo chake.

Haikupita dakika, Ulaya nzima ikatuangukia. Mamia ya sauti yakakiita kisiwa kile kwa pamoja, kwenye masafa yale yale. Shangazi akaja mbio, ushungi begani, akatazama skrini. Chini ya ripoti yangu watu walikuwa wameandika: asante Kenya, asante Kenya.

"Wanakushukuru," alisema. "Na mimi nikushukuru?"

"Shangazi, niliandika nilichokisikia."

"Msomi wangu! Ukikuta unga wa bei rahisi dukani Kona ya Musa, utashika kipaza sauti kabla hujanunua wako?"

Akaketi, akaanza kuita. Akaita mpaka chai niliyomletea kwa toba ikaota utando. Kila mara yule mtu wa kisiwani alimjibu mwingine, na kila mara sauti yake ilififia zaidi. Sikuwa na swali hata moja.

Ghafla yule mtu akasema: Afrika Mashariki pekee, wengine ngojeni. Kelele zikapungua, ila Mtaliano mmoja akaendelea.

"Tangu lini Roma ikawa Afrika Mashariki?" Shangazi aliifokea spika, kisha akabonyeza kitufe, akakitaja kituo chake mara mbili, polepole, kama anayesoma majina ya wanafunzi.

Halafu sauti ile, mbali kabisa, ikakirudia kituo chake. Tano tisa.

Aliruka kutoka kitini, akanikumbatia, akanipiga kofi la bega, akanikumbatia tena. Anaamini mpaka leo kwamba yule mtu aliiona ripoti yangu, akajua kuna Mkenya anayemsikia, ndipo akatufungulia mlango. Mimi nasema huenda ilisadifu tu, hatuna ushahidi. Nikamwuliza pia kama ile tano tisa ilikuwa ya kweli au ya adabu, maana hata sisi yule mtu tulikuwa tunamsikia kwa shida.

"Nyamaza," alisema, akiandika daftarini. "Hii ni ya kweli."