Dawa ya Sukuma Niliyompaka Mama Mkwe

Jamani, hii kitu nimeificha karibu mwaka mzima, na hata sasa nikisimulia nasikia masikio yakiwaka kwa aibu, lakini wacha niseme mwenyewe kabla shemeji yangu hajawaambia na kuongeza chumvi.

Wazazi wa mke wangu, Chebet, pamoja na huyo shemeji, walikuwa wanakuja kwetu Lanet kwa mara ya kwanza kutoka Keringet, wakulima kabisa, na mimi kwa simu nilikuwa nimejisifu mno juu ya sukuma wiki niliyopanda nyuma ya nyumba, halafu asubuhi hiyo nageuza jani hivi, naona vidukari wamejaa nyuma yake kama majivu. Nilishtuka! Jirani alikuwa amenifundisha dawa ya pilipili na kitunguu saumu: unaponda, unaloweka usiku mzima, unachuja, unatia sabuni kidogo, unapuliza. Sasa huo usiku mzima ningeutoa wapi? Nikaamua kuchemsha. (Hapo ndipo nilijichimbia kaburi.)

Nikaponda pilipili kichaa bakuli zima kwa mikono mitupu, nikabandika sufuria kwa gesi, na kabla hata haijachemka wageni hao, wamefika mapema. Chebet akawakaribisha, mimi nikaketi pembeni bila hata kunawa, vumbi likaanza kupeperuka huko nje, madirisha yote yakafungwa, na baba mkwe akasema tuombe kwanza. Maombi ya yule mzee si ya dakika mbili. Sufuria nikaisahau.

Mzee alikuwa amefika kwenye kuombea ng'ombe wakati mtu wa kwanza alipokohoa. Akafuata wa pili. Moshi wa pilipili ulikuwa umejaa nyumba nzima, macho yakawaka, na shemeji, akidhani ni gesi ya machozi, akapiga kelele, "Teargas! Tokeni! Tokeni!"

Tukamwagika nje tukigongana mlangoni, majirani wakaja mbio. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti kwa nyasi, anatafuta pumzi, machozi yanamtiririka, na mimi bila kufikiri nikamshika uso kwa mikono yote miwili nimpanguse.

Kwanza, mama mkwe haguswi hivyo. Pili, mikono yenyewe ilikuwa pilipili tupu.

Yowe alilotoa! "Amenipofusha! Huyu kijana amenipofusha!"

Chebet akanigeukia. "Umempaka mama yangu nini?"

"Dawa ya wadudu," nikajibu.

Wacha tu. Mama mmoja akashika kichwa akilia "Sumu! Sumu!", mwingine akawa anapiga simu kutafuta gari la kumkimbiza hospitali, na baba mkwe akanikazia macho, nami nikawa napayuka kama mwendawazimu, "Ni pilipili! Ni pilipili ya kula!"

Walimwosha kwa maziwa na maji mpaka akafungua jicho moja, halafu lingine. Anaona. Nilikaa chini pale pale.

Siku hizi naloweka dawa yangu nje, nyuma ya nyumba, na glavu mkononi, na kuchemsha nimeapa sitarudia kamwe. Mama mkwe alinisamehe, tena mbele ya watu, lakini mpaka leo akija kwetu ananisalimia kwa mdomo tu, mikono ameificha ndani ya shuka aliyojitanda.