Hendeli ya Upande wa Kushoto

Verlin Stroud alikijua kile kipepeteo kabla hajashuka kwenye pikapu. Kilikuwa kimetupwa kando ya banda la Dub Yarnell, katikati ya majiko mabovu na magurudumu ya mikokoteni, na hendeli yake ilikuwa upande wa kushoto. Jangwa lote lile, kutoka Quartzsite mpaka mto Colorado, vipepeteo vya zamani vina hendeli upande wa kulia. Hiki kilihamishwa. Aliyeihamisha hendeli ni yeye mwenyewe, mwaka aliomwoa Oleta, kwa sababu Oleta alikuwa na shoto.

Kipepeteo ni kitu cha watu wasio na maji. Juu unatia mchanga mkavu kwenye chekeche. Chini kuna mivukuto, inavuta pumzi na kuitoa, vumbi linapeperuka, na dhahabu, maana ni nzito, inabaki nyuma ya vijiti vilivyokingamishwa juu ya kitambaa. Ni kazi ya watu wawili. Mmoja anapiga beleshi, mwingine anazungusha. Verlin alipiga beleshi. Oleta alizungusha, ujana wake wote na zaidi.

Kisha kifua chake kikaanza kukataa vumbi. Oleta mwenyewe ndiye aliyesema, "Kiuze, Verlin. Kikikaa hapa nitakitamani." Kikauzwa. Tangu hapo Verlin alinunua vya wengine, vilivyooza na kupasuka, akavitengeneza na kuwauzia wazee wa kaskazini wanaokuja kukimbia theluji. Masika yaliyopita Oleta akafa. Verlin aliendelea kutengeneza. Mtu afanye nini?

Lakini kulikuwa na mlio. Kile kipepeteo, Oleta akikizungusha, kiligonga kisha kikapumua, kikagonga kikapumua, taratibu, kama mtu anayepanda kilima bila haraka. Nyumbani sasa kulikuwa na mlio wa friji tu. Verlin alitaka kuusikia ule mwingine mara moja tena. Hakuwa na haja nyingine duniani.

"Mzee Stroud!" Dub alitoka bandani akijifuta mikono. "Nilidhani umeshakauka huko kwako, tuje tukuanike ukutani."

"Bado."

"Unakitazama hicho? Kina mwenyewe. Jamaa wa Phoenix ana hoteli ya nyama choma, anataka kukitundika juu ya vichwa vya wateja. Ila ananisumbua, anasema hendeli iko kombo. Hivi fundi wake alikuwa amelewa?"

"Hakuwa amelewa."

"Unamjua?"

"Namjua. Umekitoa wapi?"

"Kwa mtoto wa marehemu Gentry. Baba yake alikinunua, akakifungia stoo. Hata siku moja hakukizungusha."

Verlin akarudi kwenye pikapu, akafunua turubai. Chini yake kilikuwepo kipepeteo alichokuja kukiuza, kazi ya majira mazima, mbao zimepigwa msasa zikawa laini kama kiganja cha mtoto.

"Mpe mwenye hoteli hiki."

Dub alikizunguka kama mnunuzi wa farasi. "Mzee, hiki kinang'aa kuliko meno yangu ya bandia. Unatoa kizima, unachukua gofu?"

"Nachukua gofu."

"Halafu utapita ukisema Dub mwizi."

"Hilo nilishasema zamani."

Dub akacheka mpaka akakohoa, akamsaidia kupakia.

Kipepeteo cha zamani hakifunguliwi kabla ya kufagiwa nyufa. Mbao zikikauka zinaachana, na dhahabu nyembamba inaingia humo na kulala. Watu wa jangwa lile wana desturi yao: iliyo kitambaani ni ya nyumba, iliyo nyufani ni ya aliyezungusha. Oleta alikuwa na chupa ya dawa ya macho, tupu, dirishani jikoni. Humo ndimo alimotia za nyufani. Hakuwahi kuuza hata punje. Tangu azikwe, Verlin hakuwa ameigusa.

Kesho yake alifagia kwa unyoya wa bata mzinga, ufa kwa ufa, akapeperusha vumbi polepole ndani ya karai. Zikabaki punje chache, ndogo kuliko chumvi. Gentry hakuzungusha. Basi zilikuwa za Oleta.

Alifungua ile chupa, akazitia.

"Haya, mama," alisema. Ndilo neno la kwanza kulisema siku hiyo.

Matengenezo hayakuwa na haraka. Vijiti alivichonga upya. Kitambaa kilikuwa kimeoza, akaweka kingine. Turubai la mivukuto lilikuwa limeliwa na panya, isipokuwa pale penye kiraka alichokishona Oleta kwa uzi wa kuvulia samaki, mishono mipana, ya mtu asiyependa kushona. Verlin akakata turubai jipya, akalipigilia misumari. Kisha akakishona kile kiraka juu yake, ingawa hapakuwa na tundu. Hendeli aliitia mafuta, akaikaza pale pale, kushoto.

Mchanga aliuanika kwanza juu ya bati, maana mvua ilikuwa imepita na mchanga wenye unyevu hauiachii dhahabu. Ulipokauka akakibeba kipepeteo mpaka kwenye korongo nyuma ya nyumba za magurudumu walimoishi yeye na majirani zake, akakisimamisha.

Akatia beleshi moja. Akazunguka upande wa pili, akashika hendeli. Kipepeteo kikagonga, kikapumua. Mchanga ukaisha. Akaiacha hendeli, akarudi kwenye beleshi. Kimya. Akatia, akazunguka tena. Kila akichota, mivukuto inalala. Kila akizungusha, chekeche ni tupu. Ilikuwa kama kuuliza swali ukakimbilia upande wa pili kujijibu.

Jirani yake, Inez Bustamante, akaja na sahani iliyofunikwa. Naye alikuwa mjane, mumewe alichimba makorongo yale yale.

"Verlin, unakizunguka hicho kitu kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Najaribu."

"Nakusikia tangu asubuhi. Kinagonga, kinanyamaza, kinagonga, kinanyamaza. Mwisho kikanyamaza sana. Nikasema mzee kafa, ngoja nimpelekee maharage."

"Maiti hali maharage."

"Ndiyo maana nimeleta kidogo." Akaiweka sahani juu ya jiwe. "Sogea. Marehemu wangu nilimzungushia mpaka bega likahama. Wewe piga beleshi."

Alishika kwa mkono wa kushoto. Hendeli ikaenda robo, ikasita, ikaruka. Mivukuto ikapumua kama mgonjwa. Akabadili, akapitisha mkono wa kulia mbele ya tumbo, hendeli ikamgonga kiwiko.

"Mama yangu! Mwehu gani kaiweka hii huku?"

Verlin alikuwa anatazama beleshi.

Inez akaiachia hendeli taratibu, kama kitu cha moto. "Ah," alisema. "Ya Oleta."

"Ndiyo."

"Nisamehe, jirani. Basi kiache hivyo hivyo. Kiweke barazani pako, kitapendeza."

Verlin alikipitishia mkono kipepeteo ubavuni. Alikuwa amekikomboa kwenye ukuta wa watu wa Phoenix. Je, akakitundike kwenye wa kwake?

Alikwenda kwenye pikapu, akarudi na spana na nyundo.

"Shika hapa," alimwambia Inez.

"Verlin, usifanye kwa ajili yangu."

"Shika."

Nati zilitoka kwa urahisi, maana yeye mwenyewe ndiye aliyezitia mafuta. Upande wa kulia matundu ya zamani yalikuwepo bado, yamezibwa kwa vigingi alivyovichonga akiwa kijana mwenye harusi. Akavigonga, vikatoka vizima. Akavitia mfukoni. Hendeli akaikaza kulia. Matundu ya kushoto hakuyaziba.

Inez akazungusha. Kipepeteo kikagonga, kikapumua, upesi upesi, kama mwanamke aliyeacha chungu motoni. Verlin akatia mchanga. Akaungoja ule mlio, labda Inez akichoka atapunguza mwendo. Inez alichoka, akapunguza. Haukuja. Ulikuwa mlio mzuri tu, wa mtu mwingine.

"Umelala? Tia mchanga!" Inez alipiga kelele kutoka ndani ya vumbi.

Akatia.

Walipomaliza, kitambaani hamkuwa na kitu cha kumwamsha mtu. Verlin akatoa unyoya, akafagia nyufa, akamnyooshea Inez kilichobaki kwenye karai.

"Yako."

"Niache, hiyo haijazi hata jicho la sisimizi."

"Ya nyufani ni ya aliyezungusha."

Inez akamtazama. Kisha akaifunga kwenye pembe ya kitambaa chake cha kichwa, fundo dogo, gumu. "Kesho?"

"Kesho kuna upepo."

"Keshokutwa, basi."

"Tutaona."

Nyumbani Verlin alikula maharage amesimama. Akaiosha sahani, akaiweka karibu na mlango ili asisahau kuirudisha. Kisha akaichukua ile chupa ya dirishani. Haikuwa imejaa, hata nusu haikufika. Akaikaza kizibo kwa nguvu zake zote, kama mtu anayefunga kitu ambacho hatakifungua tena, akairudisha mahali pake. Kando yake akaviweka vile vigingi.

Friji likaanza kuunguruma. Akavuta kiti, akakaa nalo.