Redio ya Kuzungusha ya Mama

Mimi nina hasira za karibu, na sitaki kuanza kwa kujisafisha. Mafundi cherehani wenzangu pale tunaposhonea, jirani na soko la Ifakara, wananijua vizuri. Mteja akiniletea kitambaa Ijumaa jioni halafu akataka gauni Jumamosi asubuhi, ananisikia. Basi siku niliyompeleka mama yangu kununua redio, wenye maduka walinisikia pia.

Kilichotupeleka dukani ni mafuriko ya mwaka uliotangulia. Mama ni mkulima wa mpunga. Shamba lake liko chini kabisa bondeni, ukishuka barabarani ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Kila masika anahamia huko na kukaa kwenye dungu, kile kibanda chetu cha juu ya miti, mpaka mpunga uvunwe. Alianza hivyo na baba, na baba alipofariki akaendelea peke yake. Mwaka ule maji yalimkuta huko huko. Alikaa juu ya dungu siku mbili, maji yanapita chini yake, simu imekwisha chaji. Mimi huku mjini sikujua kama yu hai. Nilishika mkasi nikakata kitambaa cha sare ya kwaya, nikaharibu majora mawili, na wala sikujali. Alipotolewa kwa mtumbwi akafika kwangu, akaomba chai ya moto, akanieleza kwamba mpunga wa upande wa juu umepona. Nilitamani kumkumbatia na kumgombeza kwa pamoja. Nikamgombeza.

Msimu uliofuata nikamwambia haendi. Akasema anaenda. Tulibishana wiki nzima, asubuhi kwenye chai na jioni kwenye ugali, hadi majirani wakawa wanapita dirishani polepole ili wasipitwe. Mwisho tukakubaliana hivi: ataenda, lakini ataenda na redio isiyohitaji umeme wala betri za kununua, na siku itakayotangaza maji atatoka siku hiyo hiyo. Mama alikubali haraka mno. Ninamjua mama yangu, akikubali haraka ujue bado anafikiria lake. Ila nilikuwa nimechoka, nikaona hata hilo ni jambo.

Duka la kwanza muuzaji alimwamkia mama kwa adabu zote, akatuletea redio kubwa yenye taa za rangi zinazocheza kila ngoma inapopigwa. Akasifia spika, akasifia mahali pa kuchomeka flashi na memori kadi. Nikamuuliza mkono wa kuzungushia uko wapi. Akasema huu mtindo hauna mkono, ila una sola. Nikamwambia sola masika, kule bondeni, jua linaweza kukaa wiki halijaonekana, sasa mama atachaji na mawingu? Mama akanivuta khanga kwa nyuma. Kwake yeye kubishana na mtu aliyekuamkia ni ukosefu wa adabu. Tukatoka.

Duka la pili mkono ulikuwepo. Nikauzungusha, tochi ikawaka, nikafurahi. Nikazungusha tena, redio kimya. Kumbe ule mkono ulikuwa wa tochi peke yake. Yule bwana akanionyesha boksi, limeandikwa redio ya dharura. Nikamuuliza ni dharura ya nani hiyo. Hapo mama hakunivuta khanga tena, alishatoka nje, amesimama na madereva wa bajaji kama hanijui.

Wa tatu hakuwa na duka hasa. Ni fundi redio mwenye meza yake barazani, amefunga miwani kwa uzi, na pembeni ana redio chache za kuuza. Huyo tuliongea lugha moja. Aliniambia redio ya mkono usiijaribu ikiwa na chaji ya dukani, maana itakudanganya. Iache iongee mpaka ikate yenyewe, ndipo uzungushe dakika moja ukitazama saa, kisha uhesabu itaongea dakika ngapi. Alikuwa nazo mbili za namna hiyo. Akaziwasha zote, tukakaa kwenye benchi kuzisubiri zife. Zilichukua muda mrefu, mama akapata nafasi ya kuuliza ukoo wa yule fundi, kanisa analosalia na mke wake ametoka wapi.

Zilipokata, nikazungusha moja dakika nzima. Ikaongea, ikaongea, mpaka taarifa ya habari ikaisha. Nikamwambia mama ndiyo hii. Yeye akaishika kwanza. Mama akichagua mbegu ya mpunga huitikisa sikioni, huinusa, kisha huing'ata punje. Basi aliitikisa ile redio sikioni kusikiliza kama kuna kitu kimelegea ndani, akainusa kabisa. Nikaomba Mungu asiing'ate. Kisha akashika mkono wa kuzungushia, vidole vyake vilivyokomazwa na jembe vikashindwa kuenea pale pa kushikia. Mkono ulikuwa mfupi mno. Mimi mwenye vidole vya sindano nisingeliona hilo hata mwaka ukiisha. Akaichukua ile nyingine, yenye mkono mrefu, akazungusha taratibu kwa mwendo wa mtu atakayeendelea kuzungusha mpaka kesho. Tukachukua hiyo. Kabla hatujaondoka aliuliza swali moja tu, kama sauti yake inafika mbali. Fundi akaongeza sauti mpaka watu wa ng'ambo ya barabara wakageuka. Mama akatabasamu. Mimi nikadhani masikio yake yameanza kuchoka, nikamwonea huruma bure.

Mwezi wa nne nikashuka shambani kumpelekea sukari na sabuni. Nikiwa bado mbali nikasikia mtu anasoma taarifa ya habari katikati ya mpunga. Mpunga ulikuwa umeanza kujaza, wakati ule ambao ndege wakitua asubuhi moja unabakia na makapi, na watu wote walikuwa mashambani kuamia ndege, kila mmoja na kopo lake na kelele zake. Mama peke yake alikuwa amekaa dunguni anachambua mchicha. Redio yangu ya dharura ilikuwa imetundikwa juu ya mti katikati ya shamba, imevalishwa mfuko wa nailoni, sauti mwisho, inafukuza ndege.

Nikamwuliza hiki ni nini. Akanieleza kwa utulivu kwamba ameshachunguza. Muziki ndege wanauzoea siku ya pili. Watu wakizungumza wanaogopa kidogo. Mpira ukitangazwa hawatui kabisa. Na majirani wa pande zote wanafaidi, kwa hiyo wanapokezana kuja kuzungusha ule mkono. Nikamwambia redio hii nimeinunua ikuokoe wewe, siyo ibishane na ndege.

"Na mpunga je?" akaniuliza. "Nani anauokoa?"

Niliweka sukari na sabuni, nikaondoka bila kula, nikatembea zile saa mbili nikijisemea peke yangu njiani. Leo nikikumbuka naona aibu, lakini siku ile nilikuwa na haki zote.

Haikupita wiki mbili mvua ikaanza kunyesha kwa namna nyingine. Nguzo za umeme zikaanguka, mji mzima ukawa giza, cherehani yangu ya umeme ikawa meza ya kuwekea vikombe. Siku ya tatu mtandao wa simu nao ukapotea. Abiria walioshuka treni kutoka Mlimba wakasema huko juu mito imeacha njia zake, maji yamepanda mpaka kwenye tuta la reli. Maji hayo njia yake ni moja tu, ni kwetu. Asubuhi jirani yangu wa bodaboda, mwenye kiredio kwenye pikipiki, akaniambia serikali imeshatangaza watu wote waliopo mabondeni watoke.

Nikajua mama amesikia. Nikajua pia amesema kesho. Mpunga wake ulikuwa umebakiza siku chache uiname. Nilimwona kabisa akilini, amekaa pale dunguni, anaangalia mawingu, anajiambia ngoja leo ipite. Na maji hayangesubiri ipite.

Sisi watu wa hapa tuna desturi ya kwenda redioni wenyewe. Mtu akifiwa anakwenda, mbuzi akipotea anakwenda, harusi ikiahirishwa anakwenda. Nikajifunga khanga, nikakanyaga madimbwi mpaka kwenye kile kituo chetu kidogo, nikakuta jenereta linanguruma na mtangazaji yuko kazini, mwanamke wa rika langu mwenye macho ya kukosa usingizi. Nikamweleza. Akaniambia kwa upole kwamba tangazo la serikali wanalisoma kila saa, hana la kuongeza.

"Dada, tangazo linasema wananchi wote," nikamwambia. "Mama yangu hajioni kama wananchi wote. Naomba nimwite mwenyewe."

Mtangazaji akanivutia kiti, akanisogezea maiki.

Nilikuwa nimejiandaa kugomba, maneno yalikuwa yamepangwa tangu njiani. Nikaanza hivyo hivyo. Nikasema mama, ni mimi, najua umesikia tangazo na najua umesema kesho. Nikasema maji yamefika relini huko juu, uache huo mpunga na ndege wake. Halafu nikataka kusema uliniahidi, na pale pale sauti ikanikatika. Sijui nilitoa wapi yale yaliyofuata.

"Baba nilimzika na mpaka leo sijamaliza kumlilia," nikasema. "Wewe siwezi, mama. Siwezi. Nakuomba utoke."

Nikalia hewani, kilio chenyewe cha makamasi, bonde lote linasikiliza. Yule mtangazaji alinishika bega, akachukua maiki, akayarudia maneno yangu yote taratibu, mara mbili, kama anavyosoma tangazo la msiba.

Nikapanda boda mpaka pale njia ya mashambani inapotokea barabarani. Watu walikuwa wameanza kutoka, wengine na kuku mikononi, wengine na magodoro kichwani. Nikasimama kwenye tope, nikawa nakagua kila uso. Adhuhuri ikapita. Niliogopa, sioni haya kulisema. Nilikuwa nahesabu: saa mbili za kawaida, saa tatu kwenye maji, tayari zilikuwa zimekwisha.

Ikaja pawatila, kile kitrekta cha kulimia mpunga, inavuta tela lililojaa akina mama na watoto. Mama hayumo. Mwanamke mmoja nisiyemfahamu akateremka, akanitazama, akaniuliza kama mimi ndiye niliyelia redioni. Nikasema ndiye. Akanishika mikono. Akanieleza kwamba siku tano hakukuwa na jua wala chaji ya simu, na redio ya mama yangu ndiyo peke yake iliyokuwa ikiongea kule chini, kwa sababu wanawake walikuwa wanazungusha kwa zamu. Lile tangazo la serikali walilisikia, kila mtu akamtazama mwenzake nani ataanza kuacha mpunga, hakuna aliyeanza. Kisha wakanisikia mimi. Kwa ile sauti aliyowafungulia ndege, hakuna shamba ambalo halikusikia. Mama akashuka dunguni, akaitungua redio, akaanza kupita dungu moja moja akiwaambia wateremke.

Nikamuuliza sasa yuko wapi. Akageuka kutazama nyuma, kule njia inakoingia majini.

"Alisema atatoka wa mwisho, kuna wazee upande wa chini."

Sijui nilisimama pale muda gani. Vikundi vilipungua. Maji yalikuwa yameshaifunika sehemu ya njia na yalikuwa yanakuja, unaona kabisa majani yakisogea. Mtu akaniambia nirudi nyuma, nikamjibu vibaya. Nilikuwa nimeshavua viatu niingie, ndipo nikaona watu wanne mbali, wameshikana mikono, wanatembea polepole. Watatu walikuwa vikongwe. Wa nne alikuwa na sufuria kichwani, na ndani ya sufuria antena imechomoza.

Wanaume wawili waliingia kuwapokea. Mama alikataa kushikwa, akawaonyesha wale vikongwe. Akapanda barabarani kwa miguu yake, khanga imelowa mpaka kiunoni, akaja mpaka niliposimama. Akashusha sufuria chini. Akanitazama kutoka miguuni mpaka usoni.

"Bonde zima limekusikia," akasema. "Umeniita mama, umenigombeza, umelia, na shikamoo hukunipa."

Kweli. Katika yote yale sikuwa nimemwamkia mama yangu. Nikapiga magoti kwenye tope, mbele ya watu wote wale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, na hapo ndipo na yeye akaanza kulia.