Mgongo Uliokataa Kupiga Magoti

Nilipoajiriwa ualimu Songea na kuolewa na Mngoni, nilizoea kila kitu, hata baridi ya Juni. Mama mkwe wangu, aliyeko Madaba, husalimiwa kwa magoti, nayo hiyo niliizoea. Halafu kiuno kikaanza kuniuma, nikawa namsalimia nimesimama, mkono ukutani. Yeye akawaambia wifi zangu kwamba mwalimu siku hizi amekuwa mkubwa. Nilijieleza, lakini mtu aliyelima maisha yake yote ataaminije kwamba chaki inavunja kiuno? Maneno yale yaliniuma kuliko kiuno chenyewe.

Nikaenda hospitali. Mtaalamu wa fiziotherapia, binti wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani, alinibandika mgongoni vipande vya kunata vyenye nyaya zilizokwenda kwenye kompyuta. Misuli ikikaza, mstari kwenye skrini unapanda, ikilegea, unashuka. Akaniambia niiname polepole. Nikifika chini kabisa, mstari ulipaswa kutulia. Wangu ulibaki juu.

"Mwalimu, huko chini umebeba nini?"

"Sijabeba kitu."

"Mgongo umebeba. Na pumzi umeibana."

Nilikasirika. Kazi yangu ni kupima watu, sikuzoea kupimwa. Wiki mbili nilishindana na mstari ule, nao ukazidi kupanda, mpaka akaniuliza ni kitu gani cha nyumbani ninachokiogopa zaidi. Nilidhani nitasema kulima.

"Kumsalimia mkwe wangu," nikasema.

Hakucheka. Alitandika mkeka, akaketi kitini kama mama mkwe, akasema, "Haya, nisalimie." Nikapiga magoti na kuinama, macho kwenye skrini, nikiachia pumzi kidogo kidogo. Mstari ulipanda, ukasita, ukashuka. Nililia mbele ya mtoto wa watu, naye akanipa khanga yake nijifute. Mungu amzidishie binti yule. Tulirudia kila wiki mpaka nikaweza bila kutazama skrini.

Desemba tukaenda Madaba. Nilipiga magoti mlangoni polepole, nikiachia pumzi kidogo kidogo kama nilivyofundishwa, nikainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanishika bega. "Kumbe ulikuwa unaumwa kweli. Basi inuka, mwanangu, usije ukajiumiza."

"Niache kidogo, mama," nikamwambia. Nilikuwa nimeikosa salamu ile karibu mwaka mzima.