Kadi Niliyoiita Feki

Dada yangu ni wakala wa kutoa mizigo pale Oraba, kwenye mpaka wa Uganda na Sudan Kusini. Kila asubuhi hutoka nyumbani kwake Koboko na faili kwapani, na kutwa nzima huhangaikia karatasi za malori yanayosubiri kuvuka kwenda Kaya. Amefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Anajua lori lipi lina saruji na lipi lina bia kabla turubai halijafunguliwa. Lakini mwenyewe hajawahi kuendesha hata gari dogo.

Siku moja alimkuta dereva aliyekuwa akisubiri karatasi zake akicheza gemu ya kuendesha malori kwenye kompyuta yake ya mkononi. Dada alisimama nyuma yake akitazama, mpaka akasahau alichokuwa amekuja kumwambia. Haikupita muda, ofisi moja ya Koboko ikafungwa na kuuza vitu vyake, naye akanunua kompyuta ya mezani, ile nyembamba inayolazwa chini ya skrini. Aliiweka sebuleni, akamwomba yule dereva amwekee gemu. Lori likatokea barabarani, likasogea kidogo, likakwama, likaruka mbele, likakwama tena.

Akanipigia simu. Nyumbani tunaongea Kilugbara, lakini dada akitaka kunichokoza hutumia Kiswahili cha malori.

"Wewe mwalimu ya kompyuta," alisema, "gari yangu iko hapa lakini hapana tembea."

Ni kweli mimi ni mwalimu wa kompyuta, katika shule ya sekondari hapa Arua. Nafundisha watoto kuandika barua, kupanga majedwali na kuhifadhi kazi yao mahali watakapoiona kesho yake. Mashine zenyewe nilikuwa nimezifungua mara chache sana, na kila mara ilikuwa kupangusa vumbi tu. Sikumwambia dada hivyo. Nilimwambia kompyuta za ofisi hazina nguvu ya kuchora picha nzito, kwamba yake inahitaji kadi ya grafiksi, na kwamba aniachie mimi.

Kwenye baraza la maduka, karibu na soko, kulikuwa na kijana wa Sudan Kusini aliyeuza vifaa vya kompyuta vilivyokwishatumika. Kijana nasema, lakini alikuwa mtu wa makamo kidogo, mwenye mke na watoto, mpole wa sauti. Meza yake ilikuwa safi kuliko meza yangu ya shuleni. Nilimwambia nataka kadi ya gemu ya bei nafuu, nikanyoosha kidole kwenye kadi kubwa yenye feni mbili. Ilikuwa inapendeza.

"Hiyo ni nzuri, mwalimu," alisema. "Kompyuta yenyewe iko namna gani?"

Nilimwonyesha picha kwenye simu. Akaikuza kwa vidole.

"Hapana. Hii ni ile nyembamba. Kadi kubwa haiingii, mfuniko hautafunga. Na pawa saplai yake ni ndogo, haina waya ya kulisha kadi kubwa. Chukua hii." Akaniletea kadi fupi, yenye feni moja ndogo. "Hii inakula umeme kidogo, inaupata kwenye bodi yenyewe. Haitaki waya nyingine."

Alibadilisha bati la nyuma la kadi, akaweka fupi linalolingana na mashine nyembamba. Nililipa. Alipokuwa akiifunga kadi kwenye mfuko, alitia ndani pia kipande kidogo cha plastiki chenye vishimo upande mmoja na mdomo upande mwingine.

"Na hii adapta, usisahau. Skrini ya zamani..."

"Najua," nilimkata.

Sikujua. Nilidhani ni kitu cha ziada, kama wauzaji wanavyomwongezea mteja zawadi ndogo. Lakini kulikuwa na wateja wengine wawili pale, mmoja wao mzazi wa mwanafunzi wangu, na sikutaka mwalimu aonekane akifundishwa barazani.

Jumamosi nikaenda Koboko. Shemeji yangu alikuwa amekaa kwenye kochi na mashati mawili ya kupiga pasi, akayaacha, akaja kutazama. Jirani naye akaingia. Nilieleza kila hatua kwa sauti, maneno yote yakiwa ya yule muuzaji, bila kumtaja: pawa saplai ni ndogo, kadi kubwa ingekosa umeme, hii inaupata kwenye bodi. Dada aliniangalia kwa fahari mpaka nikaongeza maneno mengine ya kwangu. Niliichomeka kadi, nikafunga mfuniko, nikarudisha waya wa skrini palepale ulipokuwa. Adapta nikaiacha kwenye mfuko, na mfuko dada akautia kwenye droo pamoja na risiti za umeme.

Kompyuta iliwaka. Niliweka draiva, programu ya kuiendesha kadi, nikafungua orodha ya vifaa, na jina la kadi likaonekana.

"Imeitambua," nilisema, na jirani akapiga makofi.

Dada akakaa, akafungua gemu, akashika usukani wa kibodi. Lori likasogea. Likakwama. Likaruka mbele. Ilikuwa vilevile kabisa.

Nilihangaika nayo mpaka saa kumi. Nilizima nikawasha, nikaondoa draiva nikairudisha. Shemeji akarudi kwenye mashati yake. Jirani akaaga. Nilikuwa nikitokwa jasho, na katika jasho hilo nikakumbuka kitu nilichowahi kusoma mtandaoni: kwamba wako walaghai wanaochukua kadi ya zamani isiyo na nguvu na kuiandika ndani jina la kadi bora, ili kompyuta ikiuliza, ijibiwe uongo. Nilifurahi kukikumbuka. Nasema kweli, nilifurahi.

"Dada," nikasema, "tumeuziwa feki."

Alitoa mikono yake juu ya kibodi polepole. "Basi," alisema. "Si kosa lako."

Jumatatu, baada ya vipindi, nilikwenda moja kwa moja barazani. Yule muuzaji alikuwa na wateja. Alinisalimia, mimi sikuitika. Nilisema kwa sauti ya darasani kwamba kadi yake ni feki, imebadilishwa jina, na kwamba mimi ni mwalimu wa kompyuta na siwezi kudanganywa.

Aliweka chini bisibisi aliyoshika. "Mwalimu, waya ya skrini umeweka wapi?"

Nilisikia swali hilo kama tusi. "Unaniuliza mimi waya?"

"Nauliza tu. Kama haiko kwa kadi, kadi haiwezi kufanya kazi. Au leta hapa, tuione pamoja. Kama ni mbaya, nakurudishia pesa yako."

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza. Mtu alikuwa amenipa jibu, na njia ya kulihakikisha, na ahadi. Lakini watu walikuwa wamesimama wakitutazama, na badala ya kunyamaza nilisema: "Tumewapokea hapa, tumewapa mahali pa kulala, na sasa mnatuibia."

Aliwaangalia wateja wake, mmoja baada ya mwingine, kama anayetaka kujua nani amesikia. Wote walikuwa wamesikia. Mama mmoja aliyekuwa ameshika kibodi aliirudisha mezani taratibu, akaondoka.

Mimi nikatoa simu, nikapiga picha ya meza na yeye nyuma yake. Jioni ile niliituma kwenye kundi la walimu na maneno haya: Jihadharini na huyu, anauza feki. Wengi walinishukuru. Wengine waliipeleka kwenye makundi yao, ya kanisani, ya wazazi, ya akiba. Niliposoma shukrani hizo nilijisikia mtu wa maana.

Baada ya wiki kadhaa nilipita pale, meza haikuwepo. Mahali pake palikuwa na mtu anauza viatu. Nilijiambia kwamba mwizi amekimbia.

Kisha, siku moja wakati wa mapumziko ya saa nne, dada alipiga simu. Nilikuwa ofisini na walimu wenzangu, nikinywa chai.

"Kadi imepona!" alipiga kelele.

"Imepona vipi?"

"Skrini ile ya zamani ilikufa. Shemeji yako amenunua nyingine, imekuja na waya wake, wa namna nyingine. Haukuingia kwenye tundu lile la juu. Nikatazama nyuma, nikaona hapa chini, kwenye kitu ulichokiweka wewe, kuna tundu linalolingana nao. Nikachomeka. Ndugu yangu, lori linakimbia kama maji! Naona hata majani pembeni mwa barabara!"

Nilielewa kabla hajamaliza. Kadi ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza. Mimi nilikuwa nimeuchomeka waya wa skrini kwenye tundu la zamani la kompyuta yenyewe, si kwenye la kadi, na kadi nzuri ikakaa ndani bila kupewa kazi. Na ile adapta kwenye droo ndiyo ingeuwezesha waya wa zamani kuingia kwenye kadi. Masikio yaliniwaka moto. Mwalimu wa hesabu aliuliza kama nimepata habari mbaya.

"Labda draiva imejisasisha," nilimwambia dada.

Hilo ndilo linaloniumiza zaidi hadi leo, pengine kuliko matusi ya barazani. Siku ya baraza nilikuwa sijui. Siku hii nilijua, nikachagua uongo, na ulitoka mdomoni mwangu bila kukwaruza.

Niliishi nao majuma mawili. Darasani niliwafundisha watoto aina za matundu yaliyo nyuma ya kompyuta, somo ambalo nilikuwa nikiliruka kila mwaka, na sikuweza kuwatazama machoni. Mwishowe nikapanda gari la Koboko bila kumwarifu dada.

Nilimkuta amekaa mbele ya skrini mpya, lori lake likiteremka mlima. Alikuwa ameinamisha mwili kwenye kona pamoja nalo. Nilisubiri afike. Aliegesha, akageuka, akaniona uso.

"Nini?"

Nilimweleza. Waya, adapta, "najua" niliyoisema, draiva niliyoisingizia. Alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, akamwita shemeji aje asikie. Kisha akauliza, bado akitabasamu, "Na yule mtu aliyekuuzia? Ulimwambia nini?"

Ningeweza kupunguza. Nilimwambia maneno yote, kama nilivyoyasema.

Tabasamu liliondoka. Shemeji alitoka nje.

"Mimi nilizaliwa wapi?" dada aliuliza.

Alijua kwamba najua. Watu wa huku walipokimbilia Sudan, enzi zile za vita, wazazi wetu walikuwa miongoni mwao, na dada alizaliwa hukohuko. Mimi nilizaliwa baada ya kurudi. Kwangu mambo hayo yalikuwa hadithi za mama, akisimulia huku akichambua mboga.

"Mama aliuza vitunguu kule," dada alisema. "Kuna siku mtu alimwaga vitunguu vyake chini, mbele ya soko zima, akasema wakimbizi wanaiba kwenye mizani. Mimi nilikuwa mgongoni mwake. Mama alinisimulia mara moja tu, hakutaka kurudia." Alizima kompyuta. "Umtafute."

Ilinichukua siku nyingi. Muuza viatu hakujua. Fundi mmoja wa simu, baada ya kuniuliza mara mbili namtafutia nini, aliniambia yule muuzaji amekodi shamba Logiri, nje ya mji, analima na mkewe. Nilipanda boda, mahali fulani ikanishusha, nikatembea nikiuliza.

Alikuwa anapalilia karanga. Aliponiona, alisimama wima na jembe mkononi, akanisubiri nifike. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Arua. Yalinipotea yote.

"Waya niliuweka pabaya," nilisema. "Kadi ni nzima. Ilikuwa nzima siku zote."

"Nilijua," alisema.

Niliomba msamaha kwa lile la kadi, kisha kwa lile lingine. La pili nililisema nikitazama chini, kwenye karanga. Hakunisaidia kulimaliza.

"Ile picha," alisema baadaye. "Binti yangu alionyeshwa shuleni. Wenzake walimwuliza, huyu mwizi si baba yako? Akaja kuniuliza mimi."

Nilisema nitaandika kweli, kwenye kundi lilelile, na jina langu.

"Andika," alisema. "Lakini mutu akisoma ya kwanza, ya pili hasomi."

Mkewe alikuja kutoka upande wa nyumba na kikombe cha maji, kwa kuwa alikuwa ameona mgeni. Alinikaribisha kwa mikono miwili, akauliza kwa Kiarabu cha Juba mimi ni nani. Hicho nakielewa kidogo.

"Ni mwalimu," mumewe alimjibu. "Alinunua kitu kwangu."

Akainama, akaendelea kupalilia. Nilikunywa maji yale nikiwa nimesimama katikati ya mistari ya karanga, na nilitamani angemwambia nilichomfanyia.

Nilijua usiku nisingelala nikiwa sijaiandika kweli hiyo, kwa hiyo niliandika papo hapo kando ya barabara, nikingoja boda. Nilieleza waya ulikuwa wapi na ulipaswa kuwa wapi. Niliandika kwamba muuzaji alinishauri vizuri, akanipa kila nilichohitaji, nami nikamtukana kwa ajili ya asili yake. Wenzangu wachache walijibu. Wengi waliweka vicheko. Mmoja aliuliza kama simu yangu imeibwa. Nilimwomba kila aliyeisambaza picha aipeleke habari hii kulekule, na nadhani watatu walifanya hivyo.

Sasa wanafunzi wangu, mashine ya maabara ikigoma, hunong'ona, "Mwalimu, waya iko wapi?" kisha hucheka chini ya madawati. Siwakatazi. Yule mtu sijamwona barazani tena. Fundi wa simu anasema karanga zilitoka vizuri, na kwamba huenda akarudi mjini, huenda asirudi, hajaamua.