Kiti cha Katikati

Duane Schroeder alianza kumwonea wivu mdogo wake akiwa na miaka minne, siku Curtis alipoletwa kutoka hospitali amevikwa kofia ya sufu. Leo Duane ana wajukuu, magoti yanamsumbua, na kazi yake ya kutengeneza mitambo ya kupasha joto nyumba za mji wa Sheboygan, Marekani, amemwachia mkwewe. Wivu hajamwachia mtu.

Safari hii walikuwa wakimgombea baba. Mzee Elroy alikuwa ameuza ng'ombe wake wa maziwa na kuhamia mjini, na kila Jumapili ya msimu wa mpira wa Kimarekani alikwenda kutazama mechi kwa Curtis. Mwanzoni alikuwa akienda kwa wanawe wote wawili, kwa zamu. Kisha Curtis akafunga spika tano kwenye chumba chake cha chini ya ardhi, na zamu ya Duane ikafa kimyakimya.

"Amemnunua baba kwa makelele," Duane alimwambia mkewe, Darlene.

"Baba yako hasikii vizuri, Duane. Makelele ya nini?"

"Ndiyo hapo sasa!"

Jumamosi akaenda dukani. Muuzaji, kijana mpole mwenye ndevu nyekundu, alimuuliza chumba chake kina ukubwa gani.

"Kikubwa kuliko cha Curtis."

"Na mnapenda kutazama nini?"

"Anachotazama Curtis."

Kijana akakuna ndevu. Akamwonyesha risiva ya wastani, ule mtambo wa kuendesha spika, akamweleza kwamba kwa chumba cha kawaida spika tano na sabufa moja zinatosha kabisa, na kwamba pesa aiweke zaidi kwenye spika ya katikati, ile inayokaa chini ya televisheni, maana maneno yote ya watu hutokea pale. Duane alimsikiliza kama mtu anayesikiliza hotuba ya harusi ya jirani. Macho yalikuwa kwenye risiva ya rafu ya juu, ya njia tisa za sauti, nzito kama jiwe la kusagia. Akaichukua hiyo, na spika za mbele, za pembeni, za nyuma, mbili za kupachika darini, na sabufa moja. Ya katikati akachagua ile ndogo, kwa kuwa ya Curtis hakuwahi kuitazama.

Ndani ya boksi mlikuwa na kipaza sauti kidogo cha kupimia. Unakiweka kichwa cha msikilizaji kitakapokuwa, nyumba inanyamaza, risiva inapiga milio na kujipima yenyewe. Duane alikiweka kwenye kiti chake cha ngozi, katikati kabisa. Maelekezo yalisema akihamishie na kwenye viti vingine. Hakukihamisha.

"Na baba atakaa wapi?" Darlene aliuliza kutoka ngazini.

"Popote. Sauti itamfuata."

Jumapili ya wiki iliyofuata Mzee Elroy alifika na theluji mabegani, akala soseji mbili za kuchoma, akasifu haradali, akateremka chumba cha chini. Duane alikuwa keshakaa kwenye kiti chake na rimoti mkononi. Mzee akakaa mwisho wa kochi, chini ya spika ya nyuma.

Mechi ilipoanza, uwanja mzima uliingia chumbani. Duane alifumba macho kwa raha. Alipoyafumbua, baba yake alikuwa amegeuka anatazama ukutani.

"Nani yuko huko?"

"Ni mashabiki, baba."

"Wanasema nini?"

"Hawasemi kitu. Wanashangilia tu."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Baada ya muda akavua vifaa vyake vya kumsaidia kusikia, kimoja kimoja, akavitia kwenye mfuko wa shati. Alikaa hivyo, mikono magotini, mpaka mapumziko. Kisha akasema kwa upole, kama anayeomba chumvi, "Mwanangu, nipeleke kwa Curtis."

Duane akachukua funguo za gari.

Kwa Curtis, mzee alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha katikati. Blanketi lake lilikuwa pale, na mto uliobonyea kwa kichwa chake. Curtis mwenyewe alikuwa amekalia sanduku la barafu la plastiki, ukutani. Spika za nyuma zilikuwa kimya, nyaya zimeviringishwa juu yake.

"Hizo vipi, mbovu?" Duane aliuliza, akitamani ziwe mbovu.

"Nilizichomoa mwezi uleule nilipozifunga. Baba anamtaka mtangazaji tu."

Laiti Curtis angekuwa amemshinda kwa spika. Angenunua nyingine. Lakini mdogo wake alikuwa amekaa juu ya sanduku la barafu msimu mzima, na wazo hilo Duane hakuwahi kuwa nalo hata aseme ameibiwa. Wivu wa namna hiyo hakuwahi kuuonja, na ulikuwa mchungu kuliko ule wa kofia ya sufu.

Curtis alisogea, akampa nusu ya sanduku. Wakakaa bega kwa bega, wazee wawili juu ya barafu.

"Hivi ni kweli una njia tisa?" Curtis alinong'ona, bila kumtazama.

"Nani kakwambia?"

"Baba, nani mwingine? Wiki nzima hapa ni Duane, Duane. Duane katoboa dari. Duane kanunua mtambo kwa ajili yangu. Mimi nimemkalisha hapa msimu mzima, hajawahi kuniambia hata asante. Inaniuma, bwana, nisikudanganye."

Duane alijua jambo la kiungwana la kusema. Lilikuwa ulimini kabisa.

"Tisa," alisema, taratibu, ili kila njia ifike. "Na sabufa mbili."

Sabufa ya pili hakuwa nayo.

"Nyie watoto," Mzee Elroy alisema kutoka kiti cha katikati, "nyamazeni. Simsikii mtu."