Fomu Iliyotundikwa Ukutani

Nakumbuka, mwanafunzi wangu, Jumatatu moja nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, huko Bungoma, miaka ile ya elfu mbili na kitu. Karatasi ya majina ya watahiniwa ilikuwa imebandikwa nje ya ofisi. Niliisoma mara tatu, na jina langu, Wanjiru, halikuwepo. Mwanangu, nikaisoma tena kwa kidole. Mtihani ulikuwa unaanza Jumatano, na sikuwa nimekosa darasa hata moja.

Sikiliza nilivyojikoroga. Wiki ya kwanza tulipewa fomu ya kuandikisha masomo. Wenzangu waliijaza wakairudisha palepale. Mimi nikaibeba hadi kwetu Kitale ili baba aitie sahihi, maana sekondari kila karatasi ilitiwa sahihi na mzazi. Kwetu hakuna aliyekuwa amefika chuo. Baba alipoona muhuri wa chuo juu yake alifurahi mpaka chakula kikapoa. Akaipeleka kwa fundi wa picha mjini, ikatiwa fremu ya kioo, akaitundika sebuleni juu ya kalenda ya kanisa. Kila mgeni alisomewa! Nami nikaiacha pale ukutani, nikidhani labda ndivyo inavyofanywa. Kuuliza chuoni niliona haya, ati watajua mimi ni mshamba.

Basi Jumatatu hiyo nikafunga sanduku. Niliamua kurudi nyumbani kulima mahindi, nimwambie baba masomo yamenishinda. Langoni nikakutana na Mama Nafula, mpishi wa chuo, mama Mbukusu asiyejua kunong'ona.

“Unaenda wapi na sanduku, na mtihani ni keshokutwa?”

Nikamweleza yote huku nalia. Nilitarajia anipe pole. Wapi!

“Ulimuuliza nani?”

“Sikuuliza mtu, mama.”

“Si hapo ndipo ulikosea, bana! Hawa wenzako wana baba mwalimu, wana dada aliyepita hapa. Wanaulizia kwao. Wewe kwenu hawajui, kwa hivyo utuulize sisi. Hebu geuka.”

Akanishika mkono, aprini yake ikiwa bado na unga wa ugali, tukaingia ofisini. Karani alikuna kichwa, akasema fomu ile ikifika kesho kabla ya saa sita mchana, jina langu litaingia. Mama Nafula akanipa simu yake, nikampigia jirani yetu aliyekuwa na simu, amwambie baba ailete.

Kesho yake saa nne baba akafika, amevaa suti ya kanisani, amekumbatia fremu nzima kifuani. Aliogopa kuitoa fomu asije akairarua. Karani alipokuwa akichomoa vile vimisumari, baba aliniinamia akauliza polepole, “Wanjiru, kumbe mimi ndiye ningekutoa shule?”

 Uchungu wa kumwona hivyo sijausahau mpaka leo.

“Hapana, baba,” nikamwambia. “Wewe ulifurahi tu. Mimi ndiye sikuuliza.”

Jumatano nikaingia kwenye mtihani, nikapita. Chuo nikakimaliza, na leo mimi ni mwalimu, kichwa kimeanza kuota mvi.

Kwa hivyo mwanangu, ukifika huko chuoni, uliza. Muulize karani hata akikununia. Muulize mpishi, mfagiaji, yule wa mwaka wa pili anayejifanya hana wakati. Watakucheka kidogo, halafu watakuonyesha mlango, nawe utaingia. Usifunge sanduku kwa sababu ya jambo ambalo hujamwambia mtu. Na mzazi wako asipojua mambo ya chuo, usimkasirikie wala usimwonee haya, maana hakuna aliyewahi kumwonyesha. Mweleze wewe, kwa lugha yake, na umweleze tena. Kisha ukishazoea, mwaka unaofuata simama pale langoni wiki ya kwanza. Utawajua wasio na wa kuuliza. Wasalimie wewe kwanza, usingoje walie.

Mungu akutangulie, mwanangu, akupe kichwa chepesi na moyo usiorudi nyuma. Akujalie uwe wa kwanza kwenu kufika, na asikubali uwe wa mwisho.